Matangazo ya kuskani kwenye tovuti yanatutesa, na kosa sio la fundi peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki iliyopita kwamba tovuti za taasisi zetu ni mbovu kwa sababu vijana wanaozitengeneza hawajasoma, na kwamba dawa ni kuita kampuni kutoka nje. Mimi hiyo kazi ndio inayonilisha, natengeneza tovuti hapa Mwanza za shule, saccos, hoteli na ofisi ofisi, kwahiyo najua nitaonekana natetea ugali wangu. Sawa. Ila ndugu yangu yule kidonda kakigusa, dawa ndio kakosea. Ubovu upo tena mkubwa, lakini mwingi hauanzii kwa fundi, unaanzia pale ofisi inapokaa kuamua inataka nini na hela inalipia nini.

Nianze na kinachoniudhi kuliko vyote, tangazo la kuskani. Mnalijua wote. Taasisi inataka kutangaza majina ya walioitwa kwenye usaili, karani anayaandika kwenye Word vizuri kabisa, jedwali limenyooka, namba, jina, kituo cha usaili. Hapo kompyuta inajua yale ni maandishi. Halafu anaprinti, inaenda kwa bosi inasainiwa, inagongwa muhuri, inarudi masjala, inaskaniwa ukurasa kwa ukurasa, mwingine umelala upande, mwingine una kivuli cha kidole cha aliyeskani, inatoka PDF la MB 30 na ushee, ndio hilo sasa linapandishwa kwenye tovuti. Mtu yuko Ukerewe huko na simu yenye kioo kilichopasuka na bando la siku, analipakua hilo dude, likifunguka anaandika jina lake kwenye sehemu ya kutafuta, simu inamwambia hakuna. Jina lipo! Lipo ukurasa wa 41 huko ndani, ila kwa ile simu hilo sio jina, ni picha tu, haina tofauti na picha ya mbuzi. Basi inabidi akuze kwa vidole, avute kulia, avute kushoto, ashuke mstari kwa mstari, na majina yenyewe hayajapangwa kwa alfabeti. Wengine wanaishia kumlipa kijana wa steshenari awatafutie. Na asiyeona ndio kabisa, programu inayomsomea skrini ikifika kwenye ile PDF inanyamaza au inamwambia ukurasa mtupu.

Nilishawahi kuuliza kwenye ofisi moja, sitaitaja, kwanini msiweke haya majina kama ukurasa wa kawaida wa tovuti, nikaambiwa bila muhuri watu hawataamini. Na kiukweli jibu lile sio la kipuuzi, matapeli wapo, matangazo feki ya ajira yanazunguka WhatsApp kila siku. Lakini muhuri ulio kwenye picha ndio kitu rahisi kughushi kuliko vyote, mtoto mwenye simu anaukata hapa anaubandika pale dakika mbili imeisha. Kinachoonyesha tangazo ni la ofisi kweli ni anwani linapokaa, taasisi ya serikali tovuti yake inaishia na go.tz na hiyo haipewi mtu wa mtaani tu aliyeamka na hela yake. Anayetaka muhuri awekewe na skani pembeni kama kiambatisho, hakuna anayekataza. Majina yenyewe yawe maandishi.

Tena cha kushangaza ni kwamba hii web yenyewe ilitengenezwa kwa kazi hiyo hiyo. Tim Berners-Lee, Muingereza aliyekuwa anafanya kazi CERN, kile kituo cha utafiti wa fizikia kule Geneva, Machi 1989 alipeleka pendekezo kwa wakubwa zake kwa sababu nyaraka za watafiti zilikuwa zimetawanyika kwenye kompyuta za kila aina zisizoelewana, mtu akiondoka anaondoka na anachojua. Akaja na HTML, ambayo wala sio uchawi, ni kuiambia kompyuta hiki ni kichwa cha habari, hii aya, hii orodha, hii linki inakupeleka kule. Haisemi sana ionekaneje, inasema kitu ni nini. Mambo ya rangi na mpangilio yakaja baadae na CSS, aliyoipendekeza Håkon Wium Lie wa Norwei mwaka 1994, toleo la kwanza likapitishwa Desemba 1996. Na tarehe 30 Aprili 1993 CERN wakatangaza kwamba hiyo web ni ya kila mtu, hakuna mrabaha, hakuna leseni ya kununua. Ingia info.cern.ch leo na simu yako, kuna linki inakupeleka kwenye ile tovuti ya kwanza kabisa, inafunguka mara moja, inasomeka, umri wake miaka thelathini na kitu. Mimi wateja wangu nawaonyesha hiyo kabla hatujaanza kuongea bei.

Halafu linganisha na Flash, ile teknolojia ya zamani ya kuweka vitu vinavyotembea na muziki kwenye tovuti. Wanaokumbuka miaka ya 2000 na kitu watakumbuka kila mwenye hadhi alitaka tovuti ya Flash, nembo inazunguka, muziki unapiga, unasubiri "loading" mpaka chai inapoa. Flash ilikuwa mali ya kampuni moja. iPhone haikuikubali hata siku moja, na tarehe 31 Desemba 2020 Adobe wenyewe wakaizika, zile tovuti zote zikabaki kiboksi kitupu. Hela za watu zilienda hivyo. Na kuna mifumo ilijengwa ifunguke kwenye Internet Explorer tu, ile brauza (programu ya kufungulia tovuti) ya Microsoft, nayo wakaistaafisha Juni 2022, ofisi zikaanza kutafuta kompyuta chakavu zisizofanyiwa apdeti ili mfumo uendelee kufunguka. Ndio maana kuna viwango vya kuandika kurasa za web, shirika la W3C lilianzishwa 1994 kwa ajili hiyo hiyo, na HTML ya siku hizi inatunzwa na kundi linaitwa WHATWG ambalo watengeneza brauza wakubwa wote wamo. Ukiandika kwa kufuata viwango hivyo ukurasa wako hautegemei kampuni fulani iendelee kuwa hai. Kuvisoma ni bure. Kifaa cha kukagua kama ukurasa umeandikwa sawasawa, kile cha W3C, nacho bure, unabandika anwani kinakuonyesha makosa mstari kwa mstari.

Sasa turudi kwenye simu maana huku kwetu web ni simu, laptop ni ya ofisini. Kuna mstari mmoja unakaa juu ya ukurasa unaitwa viewport, umeanza kutumika na iPhone ya 2007, kazi yake ni kuiambia simu usijifanye wewe ni kompyuta, tumia upana wako halisi. Usipokuwepo simu inachukua ukurasa wa kompyuta inaufinya wote uingie kwenye kioo, herufi zinakuwa za sisimizi. Mstari mmoja! Na ile mbinu ya ukurasa mmoja unaojipanga wenyewe kulingana na kioo, Ethan Marcotte aliiandikia mwezi Mei 2010, sio habari ya jana. Bado mwaka huu nakutana na tovuti mpya, mpya kabisa, imezinduliwa na mgeni rasmi, ukiifungua kwenye simu menyu inaziba maandishi na huwezi kuifunga.

Na hao wageni rasmi sasa. Picha zao. Picha inatoka kwenye kamera ya mpiga picha ina MB 6, upana pikseli elfu sita, inapandishwa hivyo hivyo, kwenye tovuti inaonekana kwenye kaboksi ka pikseli 400. Simu inalazimika kushusha MB 6 zote ili imuonyeshe mheshimiwa ukubwa wa stempu. Sasa weka nane za hivyo kwenye slaidi zinazotembea, MB 48 zimekwenda kabla msomaji hajaona hata namba ya simu ya ofisi. Punguza ile picha ifike pikseli 1200, hifadhi kwa muundo wa JPEG ubora wa 75 hivi au muundo wa WebP, mara nyingi inashuka chini ya KB 200 na macho hayaoni tofauti. Programu ya GIMP inafanya hiyo kazi bure, Squoosh inafanya hiyo kazi bure ndani ya brauza hata kuinstoo huhitaji. Kwahiyo usiniambie ni suala la bajeti.

Kuna hili lingine ambalo ofisi nyingi hata halijawahi kuzungumzwa, watu wenye ulemavu. Kuna mwongozo wa W3C unaitwa WCAG, toleo la kwanza 1999, la pili 2008, na hili la sasa la 2.2 limetoka Oktoba 2023, na ukiusoma utaona mengi yaliyomo yanamsaidia kila mtu. Mfano wa rangi, wanasema maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Sasa hawa wabunifu wa siku hizi wanapenda kijivu, kijivu kwenye nyeupe ndio wanaona usasa. Kile kijivu chenye namba ya rangi #999999 juu ya nyeupe kinapata 2.85, kimefeli. #767676 ndio kinapita kwa kubanana. Ofisini kwenye kiyoyozi vyote vinasomeka, mpe bodaboda asome saa saba mchana pale Buzuruga juani uone atakwambia nini.

Au lugha. Juu kabisa ya kila ukurasa wa HTML kuna sehemu ya kutaja lugha iliyotumika, themu nyingi (muonekano wa tovuti uliotengenezwa tayari) za kununua au kupakua zinakuja zimeandikwa lang="en". Fundi anabadilisha maneno yote kuwa Kiswahili, hapo hapagusi. Anayeona haoni tofauti. Ila asiyeona akiingia na NVDA, ambayo ni programu ya bure ya kusoma skrini iliyoanzishwa 2006 na vijana wawili wa Australia ambao wenyewe hawaoni, ile programu inaheshimu ilichoambiwa, inachukua sauti ya Kiingereza inaanza kusoma "wanafunzi waliochaguliwa kujiunga" kwa matamshi ya Kizungu, kinachotoka hapo hata huyo Mzungu haelewi. Ukibadilisha herufi mbili tu, en iwe sw, basi, sauti ya eSpeak iliyomo humo humo ndani ya NVDA inajua Kiswahili, ina lafudhi ya roboti ndio, lakini mtu anaelewa kaitwa lini aende na nini. Na picha nazo zina sehemu ya kuandika maelezo, WordPress, ile programu ya kutengenezea tovuti, inakupa kabisa kiboksi chake, watu wanakiruka, matokeo yake pale picha ilipogeuzwa kuwa linki msomaji asiyeona anasomewa jina la faili, IMG mstari wa chini ishirini ishirini na tatu sufuri nne kumi na mbili, mpaka aichoke.

Nchi yetu iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 9 ya mkataba ule inataja wazi habari, mawasiliano, mpaka intaneti. Mwaka 2010 tukapitisha na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Wenzetu Kenya wamekwenda mbele wana kiwango cha taifa kabisa, KS 2952 cha 2022, kinachohusu bidhaa na huduma za tehama kufikika na watu wenye ulemavu. Sisemi Kenya tovuti zote zimenyooka, hapana, ila angalau fundi wa kule akibishana na mteja ana karatasi ya kuweka mezani.

Mafundi nasi tuna yetu, hapo msomaji mwenzangu ana haki ya kutusema. WordPress ni bure, ipo tangu 2003, zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani zinaiendesha, mimi mwenyewe kazi zangu nyingi ni hiyo. Lakini kuna wenzangu wanachukua themu ya kulipia, ya dola hamsini sitini, wanaipakua ile iliyovunjwa leseni wanamuwekea mteja na bili ya themu wanaandika. Zile themu zilizovunjwa mara nyingi zina mlango wa nyuma wa wezi kuingilia kwenye tovuti. Baada ya miezi kadhaa unatafuta jina la chuo kwenye Google unakuta kurasa za kamari kwa lugha za huko Asia, chuo hakijui, fundi hapokei simu. Na huyo asiyepokea simu unakuta domeni, yaani jina la anwani ya tovuti, kaisajili kwa jina lake mwenyewe, kwahiyo chuo hakiwezi hata kuhama. Na lile suala la cheti cha https, kile cha kulinda mawasiliano kati ya simu na tovuti, tangu mwisho wa 2015 shirika la Let's Encrypt wanatoa bure, kinadumu siku 90 na seva inajihuishia yenyewe, halafu mtu anamtoza mteja kila mwaka "ada ya SSL", yaani ada ya cheti hicho hicho. Mafundi wenzangu mtanisamehe, hili lazima lisemwe.

Ila hata fundi akiwa malaika, tenda ikiwa mbovu anatoa kazi mbovu. Tenda ninazoziona zimeandikwa "tovuti ya kisasa, yenye mvuto na inayoendana na hadhi ya taasisi." Hadhi utaipima na nini? Siku ya kukabidhi mnakaa ukumbini, projekta, wifi ya ofisi, laptop ya fundi ambayo kurasa zote zilishafunguka jana. Bosi anaangalia nembo, anaangalia picha yake kama imetoka vizuri na salamu zake zimewekwa mwanzo, anauliza mbona slaidi hazitembei haraka, watu wanapiga makofi chai inakuja. Hapo ni kama umekabidhiwa nyumba ukakagua rangi ya geti. Fundi aliyetumia wiki nzima kupunguza uzito na kuweka jedwali liwe jedwali anaonekana hajafanya kitu, aliyeweka theluji inayodondoka kwenye ukurasa Desemba anapewa na kazi nyingine.

Na ndio maana hiyo kampuni ya nje haitatusaidia. Kwenye Umoja wa Ulaya kuanzia tarehe 28 Juni 2025 sheria yao inalazimisha biashara nyingi za mtandaoni zifikike na watu wenye ulemavu, kwahiyo kule kampuni inafanya kwa sababu isipofanya inaadhibiwa. Ikija huku kwenye tenda yenye "mvuto na hadhi" itakupa mvuto na hadhi, tena kwa dola, na itajaribiwa kwenye ofisi yenye faiba. Haiwezi kukupa ambacho hujaomba.

Andikeni basi vitu vinavyopimika. Ukurasa wa mwanzo usizidi MB 1. Majina, ratiba, ada na fomu viwe maandishi, kama kuna PDF basi itolewe moja kwa moja kwenye Word bila kupita kwenye skana. WCAG 2.2 daraja la kati, AA, iandikwe hivyo hivyo kwenye mkataba, fundi asiyeijua ataisoma, ipo wazi. Domeni iwe ya taasisi, paswedi zote zikabidhiwe kwa maandishi, na karani mmoja afundishwe kupunguza picha, kazi ya asubuhi moja.

Na siku ya kukabidhi zimeni projekta. Chukueni simu ya laki moja na nusu, toeni wifi, wekeni bando la kawaida, mpeni mtu ambaye sio wa ofisini, hata dada wa mgahawa wa pale nje, mwambieni atafute jina fulani kwenye orodha ya mwaka jana au ajue ada ya mtoto wa kidato cha kwanza, nyie mkae kimya msimuelekeze. Halafu mwiteni na mtu mmoja asiyeona anayetumia TalkBack, programu ya kusoma skrini ya simu za Android, au NVDA, afanye hivyo hivyo mbele ya kamati nzima na bosi akiwepo. Akishindwa fundi arudi akarekebishe kabla hajalipwa awamu ya mwisho. Na huyo mtu alipwe kwa kazi hiyo kama mkaguzi mwingine yeyote, sio apewe soda na nauli.

Fundi tovuti,
Mwanza